Usiuze hayo maboksi. Mimi niliuza riwaya 43 nikiamini PDF

Mleta mada, mpigie huyo mnunuzi sasa hivi umwambie asije Jumamosi. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba marehemu shangazi yako amekuachia maboksi mawili ya riwaya, za mapenzi, za kipelelezi na za kihistoria. Unahamia chumba kimoja, kuna mtu anatoa shilingi 1,000 kwa kila kitabu, na rafiki yako amekuhakikishia kuwa "zote zipo kwenye PDF". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikurupusha. Mimi niliambiwa hivyo hivyo mwaka 2016.

Vitabu vyangu vilikuwa vya mama. Tulikaa Tabora, kota za reli, na riwaya zilikuja kwa treni mikononi mwa watu waliotoka Dar, kisha zikazunguka nyumba hadi nyumba. Ndani ya jalada kila aliyeazima aliandika jina na tarehe. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ile ya 1974, ilikuwa na majina tisa, na la sita lilikuwa la baba, kabla hawajaoana. Mama alisoma akiwa na penseli, akawa anaongea na watu wa kitabuni. Pembeni ya mhusika mmoja aliandika: "Huyu muongo." Kurasa kama kumi mbele, mwandiko ule ule: "Nilisema."

Hicho ndicho nilichokiuza kwa shilingi 500.

Nilikuwa nahama kutoka Tabata kwenda nyumba ndogo zaidi Mbagala. Kazini kwetu kulikuwa na kijana wa kompyuta, mtu wa maneno mengi, akaniambia karatasi zimepitwa na wakati, atanijazia zote kwenye flashi, bure, tena nitazisoma hata gizani. Nikamwamini kwa sababu alijua kompyuta. Sikumuuliza swali moja tu: wewe mwenyewe umewahi kumaliza riwaya ngapi? Baadaye nilijua hajawahi kumaliza hata moja. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka. Mtu asiyesoma alinishauri nitupe vitabu, akanishauri kwa kujiamini kuliko daktari. Naye mnunuzi wa vitabu vya zamani alijua fika anachokichukua, maana alizitenga za kipelelezi pembeni kabla hata hajahesabu hela. Vitabu 43, shilingi 21,500. Nilinunulia mapazia.

Flashi niliifungua baada ya miezi kadhaa, siku ya mvua, umeme upo, chai ipo, nikasema leo nasoma mpaka usiku wa manane. Katika zile 43 nilikuta 11. Nyingine zilikuwa majina tu. Unafungua unakuta mwongozo wa mitihani, maudhui na fani, wahusika wameorodheshwa na nani kafa umeshaambiwa ukurasa wa kwanza. Moja ilipigwa picha kwa simu na dole gumba la mpigaji limeziba mistari mitatu ya chini kila ukurasa. Na ile niliyoisubiri kwa hamu, ya kipelelezi, ukurasa wa 112 mpelelezi ameshika kitasa cha mlango, ndani kuna mtu anapumua. Nikashuka chini. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa 129. Huyo mpelelezi kwangu mimi bado kasimama mlangoni.

Riwaya ya mapenzi ukikosa kurasa chache unaweza kubahatisha nani kamrudia nani. Ya kipelelezi huwezi. Mwandishi ameificha siri kwenye ukurasa mmoja, wakati mwingine kwenye sentensi moja, na huo ndio unaokosekana.

Nilirudi Posta kumtafuta yule mnunuzi. Akaniambia nzuri zimeshachukuliwa, na zilizokosa majalada ameziuza kwa kilo kwa watu wa kufungia karanga. Baada ya miaka mitatu nikapata Kikosi cha Kisasi, ya Musiba pia, kwa mtu mwingine, shilingi 15,000. Nililipa bila kuomba apunguze. Nikaisoma usiku mmoja, mpelelezi wake Willy Gamba ni yule yule, moyo unadunda kama zamani. Lakini nilipofika kwa mtu niliyemshuku, jicho likaenda pembeni kutafuta penseli. Patupu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siibadilishi: usiachie kitabu mpaka uwe umeshika mkononi nakala yake nyingine. Nasema kushika. Kuambiwa ipo hakutoshi, na kuona picha ya jalada mtandaoni hakutoshi. Riwaya nyingi za kusisimua za miaka ya 1970 na 1980 zilichapwa na wachapishaji wadogo kwa karatasi duni, wengi wao hawapo tena. Hata waandishi wenyewe wametutoka: Ben Mtobwa, naye wa riwaya za kipelelezi, alifariki 2008, Musiba 2010. Zinazorudi madukani kwa uhakika ni zile zinazosomwa shuleni, na shangazi yako, kama alikuwa msomaji kama mama, hakusoma kwa ajili ya mtihani.

Tazama hizo za kihistoria kwa makini. Ukikuta Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, hakikisha juzuu zote mbili ziko pamoja na usiruhusu mtu azitenganishe. Mzee yule aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, ikaja kuchapwa kwa Kiswahili 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Ni hadithi ya mume na mke wanaopendana huku ukoo ukiwatenganisha kwa sababu hawajapata mtoto, na ndani yake Ukerewe ya zamani nzima ipo, kuanzia namna ya kulima hadi namna ya kuomba radhi kwa wakwe. Kitabu kilichosubiri miaka 35 kupigwa chapa kisitoke kwako kwa buku mbili.

Uliuliza uanze na ipi. Anza na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, kwa sababu inakupa vyote vitatu. Mimi nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimfuata Yasmin, binti mdogo aliyeozwa mfanyabiashara mzee, na mpenzi wake Denge, mpinga ukoloni. Mara ya pili nilikuwa nasikiliza hatua za polisi wa mkoloni nyuma ya Denge, nikasoma haraka mpaka macho yakauma. Mara ya tatu nikatulia, nikaitazama Zanzibar yenyewe ya kabla ya uhuru, vichochoro vya Ng'ambo, taarabu, watu wanavyonong'ona habari za siasa. Kitabu ni kile kile. Hiyo ndiyo raha ambayo rafiki yako haijui, kwa hiyo msamehe, lakini usimsikilize.

Kuhusu nafasi, nunua ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko, panga vitabu humo vikiwa vikavu, weka juu ya tofali chini ya kitanda. Zangu nilizobaki nazo zinakaa hivyo, na mchwa wa Mbagala hawajazigusa.

Leo usiku usihesabu hela. Toa kitabu kimoja kimoja, fungua ndani ya jalada, kisha pitisha macho pembeni mwa kurasa. Halafu njoo utuandikie hapa majina ya vitabu. Na kama shangazi naye alikuwa na penseli, tuambie aliandika nini.