Kitabu Chako Kikishapendwa na Kila Mtu

Nakala yangu ya The Hunger Games niliinunua Posta, Mtaa wa Samora, kwa mmoja wa wale wauza vitabu vya mtumba wanaovipanga chini kandokando ya barabara. Nikaanza kuisoma jioni ile ile ndani ya daladala la Mbagala. Foleni ninayoichukia kila siku, siku hiyo niliiombea isiishe.

Kilichonishika si mapigano. Ni vile vikaratasi vya kura. Suzanne Collins ameandika nchi iitwayo Panem, yenye wilaya 12, na kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana na msichana wakauane mbele ya kamera hadi abaki mmoja. Mtoto anaanza kuingia kwenye kura akiwa na miaka 12, na kila mwaka jina lake linaongezwa mara moja kwa lazima. Mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake, na kwa kila jina la ziada anapewa nafaka na mafuta ya mtu mmoja kwa mwaka, tena ya kubana. Majina hayo hayafutwi, yanajumlishwa mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana Katniss, msichana anayetusimulia, akiwa na miaka 16, jina lake limo mara 20, na mtoto wa meya hana haja ya kuongeza hata moja.

Mimi nimekulia nyumba ambayo mwisho wa mwezi unga ulipimwa kwa kikombe cha chai. Ukurasa ule sikuhitaji kuelezwa na mtu.

Machi 2012 sinema ikatoka, na hofu ikaniingia. Watu wakawa na swali moja tu: kati ya wavulana wawili wanaompenda Katniss, uko na Gale au uko na Peeta? Mwaka uliofuata kampuni moja ya vipodozi Marekani ikatoa rangi za midomo na kucha kwa jina la Capitol. Capitol, mji mkuu wa matajiri wanaoitawala Panem! Wale ambao kwenye kitabu cha pili wanakunywa dawa ya kutapika ili wapate nafasi ya kula tena. Niliumia kama mtu aliyeona kaburi la kwao limegeuzwa kibanda cha biashara.

Kama nawe uko hapo, nakusihi usifanye nilichofanya. Nilikificha kitabu. Aliyekiomba nilimwambia kimepotea. Binti wa jirani, wakati huo yuko kidato cha pili, alikuja akiwa ameshaiona sinema, nikamjibu kwamba hiki si cha kwake. Alirudi mara tatu, na mara ya tatu nikaona haya, nikampa.

Baada ya siku tano akanirudishia. “Dada,” akaniambia, “kwenye sinema Gale anasema jina lake limo mara 42, nikasikia ikapita. Kwenye kitabu nimekaa nikapiga hesabu. Nyumbani kwao wako watano, amewalisha miaka saba. Hiyo 35. Na saba za lazima.”

Mimi nilikuwa nimekisoma mara nne, na sikuwahi kuipiga hesabu ile.

Kwa hiyo azimisha. Usimfanyie mtu mtihani kwanza wa kuona kama anastahili. Akirudi, usimuulize anampenda nani kati ya wale wawili. Muulize ni ukurasa gani ulimsimamisha, kisha unyamaze umsikilize. Sinema usiipige vita, maana kwa wengi ndiyo mlango. Na kikitoka kitabu kipya cha mfululizo huu, kama ilivyokuwa 2020 na tena 2025, kisome kabla hujaangalia trela, ili sura za wahusika uzichore mwenyewe.

Ukizidiwa na hofu, chukua Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert. Kitabu hicho kinajulikana tangu 1951. Umaarufu wote huo haujamtoa Karama, mshtakiwa wa hadithi hiyo, kizimbani: kila anayekifungua anamkuta pale pale mbele ya mfalme, akisimulia habari za wajumbe sita waliokwenda kutafuta heri ya nchi na waliporudi wakafungwa. Yule binti nilimpa hicho baadaye, na bado tunabishana kama mfalme alistahili kusamehewa.

Nakala yangu ya The Hunger Games sasa imelegea gundi kwa kupita mikononi. Ndani yake mna kipande cha karatasi ya daftari alichokiacha, kwa penseli: 5 × 7 = 35, 35 + 7 = 42. Kila ninayemwazimisha namwomba asikitoe.