Nihamie Dodoma na hadithi zangu?

SWALI: Anko, mi nasimulia hadithi hapa Iringa, mashuleni na kwenye maharusi. Juzi nikapelekwa Dodoma kwenye hafla, mheshimiwa mmoja akataka nimchomeke jina lake kwenye hadithi ya Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, eti ni wa damu moja, nikachomeka, watu wakapiga makofi ila babu yangu wa Kalenga hasemi na mimi mpaka leo. Nihamie huko au nibaki?

JIBU: Duh mdogo wangu, babu ana haki bwana. Mkwawa alijipiga risasi 1898 asikamatwe na Wajerumani, fuvu lake likarudishwa 1954, na lipo hapo hapo Kalenga, sasa mjukuu wa Kalenga unaliuza kwa bahasha ya posho kweli? Nenda na ugoro na sukari kilo mbili, kaa chini, usijitetee.

Kuhamia sasa. Dodoma ilitangazwa makao makuu 1973 lakini mastaa, studio na redio kubwa nyingi bado ziko Dar, Dodoma inachangamka Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, wakiondoka unabaki na vumbi na kodi ya chumba. Mi ningebaki Iringa, wakikuita unapanda basi la Mtera, unasema "hadithi hadithi", unalipwa nusu kabla hujafungua mdomo (hawa waheshimiwa wakishakula wanasahau), unarudi. Jina la mtu akitaka msome kwenye shukrani mwishoni, ndani ya hadithi hapana.