Mume Wangu Anaimba Haki za Wafanyakazi, Lakini Wapigaji Wake Hawalipwi

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Morogoro. Mume wangu anaongoza bendi ndogo ya watu sita, na nyimbo zake zinazopendwa zaidi ni zile zinazowasema matajiri wanaokula jasho la vibarua wa mashamba ya miwa. Daftari la fedha ninalishika mimi. Siku ya Mei Mosi bendi ilialikwa kutumbuiza kwenye sherehe ya wafanyakazi, ikalipwa shilingi 1,800,000. Wapigaji watano walipewa shilingi 10,000 kila mmoja, wakaambiwa kuwa hiyo ni nauli na mengine yatafuata. Shilingi 900,000 zilinunua spika, na zilizobaki zililipa ada ya watoto wetu. Miezi mitatu imepita na hakuna kilichofuata. Wiki iliyopita mke wa mpiga drams alikuja kwangu kukopa unga. Nilipomweleza mume wangu, alinionyesha picha ya Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria, iliyopo ukutani kwetu, akasema kwamba huyo naye hakuwa malaika lakini dunia inamheshimu kwa nyimbo zake, na kwamba katika mapambano kila mtu lazima ajitolee. Je, Shangazi, mwimbaji wa haki analazimika kuishi yale anayoyaimba, au wimbo wake unatosha? Na mimi mwenye daftari nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na utetezi wa mumeo, kwa sababu kuna sehemu yake ambayo ni ya kweli, na ukienda kumkabili bila kuikubali sehemu hiyo atakushinda kwa maneno kabla hamjafika kwenye hesabu.

Wimbo wenye kweli haugeuki kuwa uongo kwa sababu aliyeuimba ana kasoro. Fela aliutoa wimbo wa "Zombie" mwaka 1976, akiwakejeli wanajeshi wanaotii kila amri bila kufikiri, na Februari 1977 wanajeshi wapatao 1,000 waliivamia nyumba yake jijini Lagos, wakaichoma moto, na mama yake mzee akatupwa kutoka dirishani. Alifariki mwaka uliofuata. Hata ukikusanya makosa yote ya Fela ukayapanga mezani, hakuna hata moja litakalowasafisha wanajeshi wale. Watawala nao hupenda sana kasoro za mwimbaji, maana ni rahisi kumshughulikia mtu kuliko kuujibu wimbo. Mwaka 1984 Fela alikamatwa uwanja wa ndege akielekea Marekani na bendi yake, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kosa la fedha za kigeni, na shirika la Amnesty International likamhesabu kuwa mfungwa wa dhamiri, yaani mtu aliyefungwa kwa sababu ya msimamo wake, hadi alipoachiwa mwaka 1986. Kwa sababu hiyo huwa ninamtilia shaka mtu anayemdai mwanamuziki utakatifu, kwani mara nyingi ukimchunguza utakuta wimbo umempata yeye mwenyewe.

Hata hivyo, mumeo ameitundika picha ya Fela ukutani bila kuisoma hadi mwisho. Mwaka 1978, baada ya onyesho lao jijini Berlin, wanamuziki wengi wa Fela waliiacha bendi, na miongoni mwa mambo yaliyowakimbiza ni habari kwamba mapato yangekwenda kwenye kampeni yake ya urais. Mwaka 1979 aliondoka pia Tony Allen, mpiga drams ambaye mapigo yake ndiyo uti wa mgongo wa muziki wa Afrobeat, na katika sababu alizozieleza mwenyewe malipo yamo. Kwa hiyo mumeo akikuonyesha tena picha ile, mwulize kwa upole ni Fela yupi anayemkusudia: yule aliyechomewa nyumba kwa kusema kweli, au yule aliyeachwa na mpiga drams wake.

Ninajua kwamba wengine wangependa niingie pia katika habari ya wake 27 ambao Fela aliwaoa kwa siku moja mwaka 1978. Nina ya kusema, tena mengi, hasa nikikumbuka kwamba mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, ndiye aliyewaongoza wanawake wa Abeokuta kuipinga kodi katika miaka ya 1940. Lakini katika jambo hilo Fela hakuimba hili akatenda lile. Wimbo wake wa "Lady" uliwakejeli waziwazi wanawake wanaodai usawa, na mtu wa namna hiyo tunabishana naye kwa yale anayoyaamini, wala hatuhitaji kumwita mnafiki. Ninaligusia jambo hili kwa sababu linatupa mpaka tunaouhitaji. Mwimbaji anayeimba dhidi ya rushwa akiwa mlevi ana tatizo la ulevi, na hilo ni lake, la mkewe na la daktari wake. Mwimbaji anayeimba dhidi ya matajiri wanaochelewesha ujira, huku akiwachelewesha watu watano waliosimama nyuma yake wakimpigia wimbo huohuo, hilo si kasoro ya pembeni, kwa maana wimbo wenyewe umekwisha kumhukumu. Wazee walisema kwamba mganga hajigangi, na kwa hilo tunamsamehe mganga. Mumeo hakushindwa kujiganga, bali amewaambukiza wagonjwa wake.

Halafu kuna neno "kujitolea", ambalo nimelisikia likitumiwa vibaya na viongozi wa bendi, wa vyama na hata wa kwaya za kanisani, hadi limenichosha. Lina "ji" ndani yake, mwanangu. Mtu hujitoa mwenyewe, hatolewi na mwenzake. Bob Marley alipokwenda kutumbuiza kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe, Aprili 1980, aligharamia yeye mwenyewe usafirishaji wa vyombo vya muziki, na huko ndiko kujitolea. Kuyagharamia mapambano kwa mfuko wa mpiga drams kunaitwa kukopa bila kuomba.

Katika muziki wetu wa dansi swali hili ni la zamani kuliko mumeo. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Unaweza kusema lolote kuhusu nyimbo walizotakiwa kuimba kwa kulipwa huko, lakini hakuna aliyewaambia wasubiri ukombozi ndipo wapate posho. Bendi nyingine zilikuwa za mwenye vyombo. Super Matimila, ambayo Remmy Ongala aliitumia kuwasemea wanyonge hadi Ulaya, ilichukua jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vyake. Kila aliyewahi kupanda jukwaani anajua kwamba mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na kwamba anayepiga gitaa lisilo lake huwa anaongea kwa sauti ya chini siku ya kugawana.

Sasa itazame ile spika ya shilingi 900,000. Imenunuliwa kwa jasho la watu sita, lakini bendi ikivunjika kesho itabaki sebuleni kwako. Mumeo bila shaka anaamini kwamba ameinunua kwa ajili ya wote, na huenda ni kweli, ila hakuwauliza. Katika onyesho moja tu amepiga hatua kutoka kwa kibarua wa miwa kwenda kwa tajiri wa wimbo wake, na sidhani kama ameligundua hilo, kwa kuwa aliyekuwa akihangaika jana huendelea kujiona mnyonge hata baada ya kushika fungu.

Na wewe, mwanangu, usijitoe nje ya habari hii. Shilingi 850,000 zilizolipa ada ya watoto wako zimetoka katika fungu lilelile, nawe uliziandika kwa mkono wako. Sisemi kwamba ulifanya ubaya, maana mama gani angeacha mtoto arudishwe nyumbani. Ninasema kwamba ukienda kuzungumza na mumeo kama hakimu hatakusikiliza, lakini ukienda kama mdaiwa mwenzake, itakuwa vigumu kwake kukukwepa.

Mpe chakula kwanza, watoto wakalale, ndipo umfungulie daftari lilivyo. Usianze na Fela wala na mapambano, anza na majina. Gawanya fedha za Mei Mosi kwa utaratibu ambao yeye mwenyewe ataukubali kuwa wa haki, hata kama kiongozi na mtunzi atachukua mafungu mawili, kisha andika mbele ya kila jina kiasi anachodai baada ya kutoa ile nauli. Kuhusu spika kuna njia mbili: ama iandikwe kuwa mali ya wote sita, kwa maandishi yatakayosainiwa na wote, ama iwe ya mumeo na awarejeshee wenzake sehemu zao. Kwa kuwa fedha hazipo tena, waiteni wapigaji, muwaambie kiasi wanachodai na tarehe za kuwalipa kidogokidogo. Kuanzia onyesho lijalo, mgawanyo ukubaliwe kabla ya gitaa kuunganishwa umeme. Mkirekodi nyimbo, jadilianeni pia kuhusu haki zao humo, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtumbuizaji na si mtunzi peke yake.

Iwapo atakataa, usikimbilie kumwanika mtandaoni. Kufanya hivyo kutawafurahisha matajiri wa mashamba ya miwa kuliko mtu yeyote, na mpiga drams hatapata hata senti kwa aibu ya mumeo. Mrudishie daftari, umwambie kwamba hutaandika tena hesabu ambayo huwezi kuisoma mbele ya wenye jasho. Mpigaji yeyote akija kukuuliza, mwambie kiasi anachodai, bila kupunguza na bila kuongeza neno juu ya mumeo. Akikulaumu kwamba unaivunja bendi, mkumbushe kwamba wapigaji wa Fela hawakuondoka kwa sababu ya maneno ya mke wa mtu.

Nyimbo zake aendelee kuziimba hata kabla deni halijaisha, kwa sababu vibarua wale bado wanadai, na kunyamaza kwake hakutawalipa wao wala wapigaji wake.

Na unga uliomkopesha mke wa mpiga drams, usiukate kwenye hesabu ya mumewe.