Kaa Wako Wamekutwa na Bakteria Damuni? Usiwatupe Bado

Juzi kijana mmoja wa Jomvu Kuu ameniandikia: "Dada, kaa wangu wamepimwa damu, wamekutwa na bakteria. Naambiwa niwatupe wote nianze upya. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha hasira za zamani zikanipanda, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Mnaonifuata mnajua nanenepesha kaa wa mikoko vizimbani, upande wa Mikindani, Mombasa. Msimu mmoja mnunuzi wangu mkubwa alikuja na karatasi ya maabara imeandikwa "vibrio", yaani bakteria wa maji ya chumvi, basi. Wangapi? Wa aina gani? Hakuuliza. Akatangaza kwa wachuuzi wote kwamba kaa wangu wana damu chafu, akanikata nusu ya bei, na jioni ile ile akawauza hotelini kaa wale wale waliokuwa wachafu asubuhi! Siku hizi tukikutana kwenye feri ya Likoni hunisalimia yeye kwanza. Salamu naiitikia, bei yake siitaki.

Nikamwandama mtaalamu mmoja wa maabara mpaka akakubali kunionyesha kazi yenyewe. Kaa alifungwa magando, akapanguswa spiriti kwenye kiungo cha mguu wa nyuma, ule bapa wa kuogelea, penye ngozi laini, na sindano ikapita hapo. Nilitarajia wekundu. Yakatoka maji matupu, kisha taratibu yakaanza kugeuka samawati ndani ya bomba. Hiyo ni shaba. Damu ya kaa na kamba hubeba hewa kwa shaba, si kwa chuma kama yetu. Tone alilodondosha kwenye kioo likaganda upesi kama uji wa wanga. "Huyu mzima," akasema, hata bakteria hajawahesabu.

Bakteria walipooteshwa kwenye sahani ya maabara, yakatokea madoa ya njano mengi na ya kijani machache, kila doa kundi la vibrio. Mimi moyo ulinienda mbio, yeye wala. Akanieleza kwamba damu ya kaa haiishii mishipani, humwagika ikaosha nyama na viungo vyote, na bakteria wa baharini hupenya kwa matamvua, kwa utumbo, kwa mguu uliokatika. Kaa hatengenezi kingamwili kama sisi. Ana chembe za damu zinazowameza wavamizi, au kuwazingira na kuwafunika rangi nyeusi, ndiyo yale madoa meusi unayoyaona kwenye matamvua. Kwa hiyo kukuta bakteria wachache si ajabu. Mwaka 1975 mtaalamu wa bakteria Rita Colwell na wenzake wa Maryland, Marekani, walichapisha utafiti juu ya kaa wa bluu: wengi waliokuwa wazima walikuwa na bakteria damuni, na waliopoteza miguu walikuwa nao wengi zaidi.

Na kuna maradhi ambayo damu peke yake haikwambii kitu. Ule ugonjwa ulioteketeza mabwawa ya kamba Asia kuanzia 2009, vibrio wake hujazana tumboni na kumwaga sumu inayoharibu kiungo kinachofanya kazi ya ini.

Sasa ushauri, maana najua nyote mnataka kuuza hoteli za Nyali kama mimi. Tazama kuganda. Damu ikikataa kuganda, au ikitoka nyeupe kama maziwa, na kaa amelegea hataki chakula, mtenge siku hiyo hiyo. La pili, asivunjwe mguu. Narudia: asivunjwe mguu! Wanaowang'oa kaa mashimoni kwa chuma mimi sinunui kwao, hata wanipe kwa mkopo. Aliyejivua gamba mwache mpaka agumu. Masika ikishusha maji ya mto na chumvi ikapungua, punguza kaa kizimbani. Na matumbo ya samaki yaliyobaki yatoe, yasiozee humo.

Dawa? Niliwahi kushikwa mkono na muuza duka nichukue antibayotiki za kuku. Jamani, tumuogopeni Mungu. Dawa hubaki kwenye nyama, na vibrio wanaozoea dawa hawakai kizimbani mwako tu, maji yakijaa na kupwa huenda nao kwa jirani. Kloramfenikoli, moja ya antibayotiki hizo, soko la Ulaya hawaitaki kabisa kwenye chakula. Ukiletewa karatasi, uliza kaa wangapi walitolewa damu, bakteria wangapi kwa kila mililita, na aina gani. Asiyeweza kujibu hayo matatu hana la kukupangia bei.

Mlaji naye ana haki yake. Baadhi ya vibrio hao wa madoa ya kijani humharisha mtu vibaya, na moto huwaua. Mteja akitaka kaa asiyeiva vizuri, mimi simuuzii, aende kwingine.