Kengele ya makopo inagoma Dar? Angalia unyevu, kisha rangi

Kutaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba mkondo wa umeme ni chaji inayosafiri, hakuna kifaa rahisi kama kengele ya umeme tuli: makopo mawili ya soda, na katikati yake kile kishikio cha kufungulia kopo kikining'inia. Benjamin Franklin, mwanasayansi wa Marekani, alifunga kengele za namna hii nyumbani kwake Philadelphia mwaka 1752. Video za mtandaoni huionyesha ikilia papo hapo. Ijaribu Mbagala mwezi Aprili, uone inavyogoma.

Watu husingizia hewa. Hewa yenye unyevu bado ni kihami kizuri, yaani haipitishi umeme kirahisi. Chaji hutorokea juu ya vifaa vyenyewe, kwenye utando mwembamba wa maji uliochanganyika na jasho la vidole, vumbi na chumvi. Kwa hiyo osha bomba la PVC utakalolisugua kupata chaji na vihami vyote kwa sabuni ya vyombo, suuza kwa maji yasiyo ya chumvi (visima vingi vya Dar havifai), kausha kwa draya ya nywele, halafu usivishikeshike. Saa nane mchana ni afadhali kuliko saa moja asubuhi, na chumba chenye kiyoyozi ni bora zaidi.

Simamisha makopo matupu ya mililita 330 juu ya povu jeupe gumu, lile linalokuja kwenye maboksi ya televisheni, yakiachana sentimita 4. Meza tupu ya mbao inavujisha. Kioo nacho hushika utando wa maji haraka. Laza mrija wa plastiki juu ya makopo, ufunge kishikio kwa mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki. Uwe mpya, maana uliokwisha kuzama baharini una chumvi. Uzi wa pamba hunywa unyevu, uache.

Rangi ya kopo nayo ni kihami, na hapa ndipo wengi hukwama. Kwangua kwa msasa mpaka alumini ing'ae mahali kishikio kitakapogonga, na kishikio chenyewe pia. Bila hivyo kitavutwa, kitagusa, kisha kitabaki kimeganda pale pale kwa sababu hakijapokea chaji ya kukisukuma kirudi.

Sugua bomba la PVC la inchi 1 kwa kitambaa cha sufu, liburuze kwenye ukingo wa kopo la kwanza, huku kidole chako kikigusa la pili. Ukiondoa kidole, makopo yatalingana volti na mlio utakoma. Usitegemee bomba la maji lipeleke chaji ardhini badala ya kidole. Nyumba nyingi sasa zina mabomba ya plastiki. Tundu la ardhi la soketi ukutani usiliguse kabisa.

Mwenye TV ya chogo anaweza kubandika karatasi ya alumini kwenye kioo chake na kuvuta waya hadi kopo la kwanza. Kuwasha na kuzima kunatosha. Nyuma usifungue, kwani bomba la picha hubaki na maelfu ya volti hata plagi ikichomolewa.

Sasa hesabu. Kwenye volti 5,000 hivi kishikio hubeba takriban nanokulombi 3 (kulombi ni kipimo cha chaji). Kikienda na chaji ya aina moja hurudi na ya kinyume, kwa hiyo safari zote mbili huchangia mkondo wa upande ule ule. Safari 10 kwa sekunde ni nanoampia 30. Multimita (kipima umeme) ya kawaida kwenye mikroampia 200 haioni chochote chini ya nanoampia 100, hivyo itaandika sifuri, usiitupe. Hesabu milio kwa sikio, au rekodi kwa simu uirudie polepole.

Cheche ikiruka milimita 1, kadiria volti 3,000. Kopo likipoteza chaji ndani ya sekunde chache wakati kila kitu ni kikavu, tafuta ncha kali: waya uliochomoza au ukingo wa alumini uliochanika. Chaji huvujia hewani hapo. Kunja kingo ziwe mviringo.

Na kopo lisiunganishwe na antena ya juu ya paa. Mwanafizikia Georg Richmann aliuawa na radi St Petersburg mwaka 1753 akipima umeme wa mawingu kwa fimbo ya chuma iliyoingia ndani ya nyumba.