Shangazi, nimechoka kunuka mafuta: nivumilie au niache?

*Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 23. Nina miezi 8 kwenye mgahawa wa vyakula vya haraka, na mshahara ni kima cha chini, hakuna cha zaidi. Lengo langu ni ada ya chuo, nisomee ufundi wa umeme. Kila mwezi naweka robo ya mshahara, na mpaka sasa nimefikisha asilimia 40 ya ada ya mwaka wa kwanza. Najua najitahidi, lakini nimefika mwisho. Miguu inawaka, mikono imejaa alama za kuungua, nywele zinanuka hata nikiziosha usiku na asubuhi. Nikilala naisikia ile mashine ya kukaangia ikilia kwamba chipsi zimeiva. Zamu yangu ni ya jioni, siku 6 kwa wiki. Tunasaini kutoka saa 4 usiku, halafu tunabaki kusafisha hadi saa 5, na muda huo mabasi yameshaisha, kwa hiyo nakodi usafiri. Wiki iliyopita walikuja watu niliosoma nao. Mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe na wewe uko hapa?" Wakacheka. Mimi nikawauliza kama wanataka soda kubwa au ndogo. Mama ananiambia mvumilivu hula mbivu. Rafiki yangu ananiambia niache kesho. Nikipiga hesabu, nimebakiza mwaka mzima. Nifanye nini?*

*Mnuka Mafuta*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kama uvumilie au uache, na nitakujibu. Lakini kwanza nirudi kwenye sentensi uliyoipitia mbiombio, ile ya kusaini saa 4 na kuondoka saa 5. Umeichomeka katikati ya miguu na mabasi kama jambo la kawaida tu. Mimi nimeisoma nikaacha kila kitu, nikatafuta kalamu.

Tuhesabu pamoja. Zamu yako tuseme ina urefu wa saa 8, siku 6 kwa wiki. Kwa mwezi ni kama siku 26, yaani saa 208 unazolipwa. Ile saa moja ya kusafisha, usiku baada ya usiku, inafika saa 26 kwa mwezi ambazo hulipwi hata senti. Hiyo ni moja ya nane ya mshahara wako. Sasa wewe unaweka robo, ambayo ni sawa na mshahara wa saa 52. Kwa hiyo kinachobaki mikononi mwa mwajiri kila mwezi ni nusu ya kile unachojinyima na kukitia akiba.

Endelea nami kidogo. Kwa miezi 8 umepata asilimia 40, maana yake asilimia 5 ya ada kila mwezi. Asilimia 60 zilizobaki zitakula miezi 12, ndiyo huo mwaka unaokutisha. Zile saa 26 zikilipwa, na ukaziweka zote, utakuwa unapata asilimia 7.5 kwa mwezi, na safari iliyobaki inakuwa miezi 8. Miezi 4 nzima ya kusimama mbele ya mafuta ya moto inatoka kwenye saa moja ya kupiga deki. Na hapo nimehesabu kwa kiwango cha kawaida, wakati sheria za nchi nyingi zinataka saa za ziada zilipwe zaidi ya saa za kawaida. Nauli ya kukodi sijaigusa. Nayo inatokana na saa hiyohiyo, kwa sababu ungetoka unaposaini, basi ungelipata.

Kwa hiyo usiniambie huna uvumilivu. Unao mwingi, na sehemu yake unaitoa bure.

Kuna jambo ambalo wafanyakazi wengi wa kima cha chini hawaambiwi. Anayelipwa vizuri akifanya kazi saa moja bila malipo, amepunjwa, lakini bado yuko juu ya mstari wa kima cha chini. Wewe umesimama kwenye mstari wenyewe. Ukiuchukua mshahara wa saa 8 ukaugawa kwa saa 9 ulizofanya kweli, kila saa imepungua kwa moja ya tisa, na hapo mwajiri ameshateremka chini ya kiwango kilichowekwa. Mkataba namba 131 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unasema kima cha chini kina nguvu ya sheria na hakishushwi, na anayekikiuka anapaswa kuadhibiwa. Si kila nchi imeuridhia, lakini karibu kila penye sheria ya kima cha chini, wazo hilo limo. Karatasi uliyosaini saa 4 haikugeuzi kuwa mtu wa kujitolea kuanzia saa 4 na dakika moja.

Hukuniambia kama mnakatwa hesabu ya kaunta ikipungua, au kama sare mnalipishwa. Kama mnakatwa, uliza mnakatwa kwa kifungu gani. Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 wa shirika hilohilo unaruhusu makato kwenye mshahara kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na makubaliano ya pamoja ya wafanyakazi na mwajiri. Hasira ya meneja haimo kwenye orodha hiyo.

Sasa, usiende kesho ukapiga meza. Nunua daftari dogo, au tumia simu, uandike kila usiku tarehe, saa uliyosaini, saa uliyotoka mlangoni, na nani mlikuwa naye. Fanya hivyo mwezi mmoja bila kumwambia mtu. Hati zako za mshahara zitunze, na ratiba ikibandikwa ukutani ipige picha. Kisha zungumza na wenzako wa zamu ya jioni, maana mtu mmoja akiuliza anaitwa mkorofi, wanne wakiuliza meneja anatafuta kikokotoo. Mwendeeni kwa upole, mchana, si saa ya foleni. Mwambieni mnaomba muda wa kusafisha uandikwe kwenye karatasi ya mahudhurio, au usafi uanze mapema ili saa 4 iwe saa 4 kweli. Mpeni nafasi ya kurekebisha bila kuaibika. Mameneja wengi wa migahawa hii nao ni waajiriwa, wanabanwa kutoka juu wapunguze gharama za wafanyakazi, na saa ya usafi ndiyo rahisi kuimega. Akikataa, kuna ofisi ya kazi na kuna chama cha wafanyakazi, na daftari lako litakuwa limeshaanza kuongea kabla yako.

Sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Kuna mahali mtu akiuliza haki yake anaanza kupangiwa siku 3 badala ya 6. Ndiyo maana nataka mwende kwa pamoja, na ndiyo maana nataka, kabla ya kufungua mdomo, uwe umeshaanza kuulizia kazi kwingine. Mtu aliyekaa miezi 8 kwenye kaunta na mashine ya kukaangia, akashika oda 6 kichwani huku mteja anamfokea na chenji hazitoshi, si mtu asiye na ujuzi. Liandike hivyo kwenye maombi yako. Hoteli, maduka makubwa, mapokezi, kote huko wanatafuta mtu asiyetetereka mbele ya foleni.

Haya, mama na rafiki.

Mama yako namheshimu, na methali yake ni ya kweli kwa mtu anayejua matunda yataiva lini. Shida ni pale neno vumilia linapotumika kufunika kila kitu, uchovu na dhuluma vikatiwa kapu moja. Miguu kuuma baada ya saa 8 za kusimama ni uchovu, na uchovu unavumilika kama una mwisho. Kufanya kazi bila malipo si uchovu. Msimamizi akikushika mwili au akikutukana si uchovu. Hayo usiyavumilie hata kwa ajili ya chuo, na yakitokea, ondoka hata kama umebakiza asilimia 5.

Rafiki yako naye sijui anakula kwa nani. Ukiacha kesho bila pahali pa kwenda, kitakachokulisha mwezi ujao ni ile asilimia 40. Ukikaa miezi minne nyumbani unaomba kazi, ada imekwisha, na kazi utakayoipata yaelekea itakuwa kwenye kaunta nyingine yenye mafuta yaleyale. Niache kesho ni ushauri mtamu, lakini bili zitakuja kwako, hazitaenda kwake.

Kwa hiyo jibu langu: usiache kesho, na usivumilie mwaka mzima hivihivi. Weka tarehe. Tarehe yenyewe huwezi kuiweka bado, kwa sababu kuna watu hujawauliza, nao ni chuo. Umeniambia ada ya mwaka wa kwanza kana kwamba lazima uipeleke yote siku moja. Nani kakwambia? Vyuo vingi hupokea kwa awamu. Piga simu wiki hii, au nenda siku yako ya mapumziko, uulize mambo matatu: awamu ya kwanza ni kiasi gani, masomo yanaanza lini, na kama ada inapanda mwakani. Kama wanapokea nusu mwanzoni, basi wewe umebakiza asilimia 10 tu, yaani miezi 2 kwa mwendo wako wa sasa. Uliza pia kama wana madarasa ya asubuhi, kwa maana mtu wa zamu ya jioni anaweza kusoma asubuhi, ingawa nakuonya kwamba atalala kidogo sana na si kila mwili unaliweza hilo. Usisahau vifaa. Fundi umeme anayeanza hununua bisibisi, koleo, kipimo cha umeme na viatu vya kazi, na gharama hizo mara nyingi hazimo kwenye karatasi ya ada.

Ukishapata tarehe ya masomo kuanza, hesabu kurudi nyuma hadi leo. Mwezi mmoja kabla ya masomo uwe umeandika barua ya kuacha kazi, kwa muda wa notisi uliomo kwenye mkataba wako, usije ukapoteza mshahara wa mwisho.

Akiba iweke mahali ambapo kuitoa kuna usumbufu, na ihamishe siku ileile mshahara unapoingia, kabla hujaanza kuona vitu. Kando yake tenga kidogo kwa dharura. Wengi huvunja akiba ya ada kwa sababu hawakuwa na akiba ya jino kuuma. Na angalia matumizi ya usiku. Mtu aliyechoka hununua vitu vya kujipoza ambavyo asubuhi havikumbuki, na kwa mshahara huu hivyo humeza pesa nyingi. Jiruhusu kimoja kwa wiki ukipendacho kweli. Vingine vyote viache dukani.

Kuhusu mwili nitakuwa mkali, kwa sababu umetaja alama za kuungua kana kwamba ni mapambo ya kazi. Mafuta ya kukaangia chipsi hufanya kazi kwenye nyuzi joto 175 hadi 190 hivi, karibu mara mbili ya maji yanayochemka. Yakikurukia, weka mkono chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, hata kama foleni imefika barabarani. Usipake dawa ya meno, siagi wala yai. Pete na saa vua kabla mkono haujavimba. Malengelenge yakitoka makubwa, au ukiungua usoni, nenda hospitali. Kisha uandike kwenye kitabu cha ajali cha kazini, na kama hakipo, andika kwenye lile daftari lako. Omba glavu ndefu na aproni, ni wajibu wao kukupa. Viatu visivyoteleza nunua leo, usisubiri, maana sakafu yenye mafuta imevunja watu viuno. Na kama inawezekana, omba mbadilishane: siku mbili kwenye mafuta, siku mbili kaunta.

Wale wa darasani sikutaka kuwapa nafasi, lakini najua ndio waliokufanya uandike. Miguu iliuma miezi yote 8 hukuniandikia, wakaja watu uliosoma nao wakacheka, barua ikafika. Aibu uliyoisikia ni ya kweli, sitakwambia uipuuze. Ila angalia ulichofanya: mtu amekudhihaki mbele ya foleni, na wewe ukamuuliza kama anataka soda kubwa au ndogo. Hukulia, hukumrudishia, hukukosea oda. Siku utakayokuwa juu ya ngazi unafunga nyaya kwenye nyumba ya mteja msumbufu, utauhitaji sana utulivu huo. Wakija tena, wahudumie kama foleni nyingine yoyote. Wakikuuliza unafanya nini hapo, waambie unatafuta ada, na oda inayofuata iite.

Simu ya chuo ipige kabla ya zamu ya Jumatatu. Wakikujibu kuhusu awamu niandikie, pamoja na hesabu za daftari la mwezi wa kwanza, tupange maneno ya kumpelekea meneja.

Shangazi yako