Naxos hadi Santorini: boti ya kasi au meli kubwa?

SWALI: Dada, Agosti mimi na mama tutakuwa visiwani Ugiriki, tutatoka Naxos kwenda Santorini. Mama hutapika hata kwenye daladala. Tupande boti ya kasi au meli? – Msomaji, Hamburg

JIBU: Mdogo wangu, mpandishe mama meli kubwa, ile inayobeba magari. Boti ya kasi huwahi kufika, lakini nauli yake iko juu, na nyingi abiria hukaa ndani tu, kwenye viti kama vya ndege. Agosti ni msimu wa meltemi, upepo wa kaskazini unaoichafua bahari ya Aegean hata kama mbingu ni buluu tupu. Ukizidi, vyombo huzuiwa kutoka bandarini, na boti za kasi ndizo husimama mapema zaidi. Msikate tiketi ya ndege ya siku hiyohiyo!

Mama akae katikati ya meli, au nje akitazama mbali. Dawa ya kichefuchefu aimeze kabla ya safari, si mawimbi yakishaanza. (Mimi hutafuna na tangawizi, sijali nani ananitazama.) Santorini mtashukia bandari ya Athinios, chini ya jabali, barabara ya kupanda ni kona juu ya kona. Nikimjua mama wa daladala, hapo ndipo pa kuogopa. Mtafutie kiti cha mbele.